Mahdia: Makhalifa Walihama, Wavuvi Wakabaki

Treni ya kutoka Sousse kwenda Mahdia haina haraka. Hupita Monastir, husimama kwenye vituo vidogo vya pembezoni mwa mizeituni, huchukua wanafunzi na akina mama wenye vikapu, kisha husogea tena kuelekea kusini kwa kuifuata pwani ya mashariki ya Tunisia. Reli inaishia Mahdia kwenyewe, jirani kabisa na bandari ya wavuvi. Niliposhuka, kilichonipokea kwanza ni harufu ya samaki na dizeli, na nyavu zilizoanikwa kando ya barabara. Kwa mtu aliyekulia Tanga, makaribisho hayo yanatosha.

Nilikuwa nimeifuata historia. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunaishi karibu na habari za Wafatimia kuliko tunavyodhani. Mabohora wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na Waismailia ambao imamu wao ni Aga Khan, wote huirudisha silsila ya imani yao kwa makhalifa wa Kifatimia. Hospitali na shule zenye jina la Aga Khan tunazijua, na Bustani ya Forodhani ya Zanzibar ilikarabatiwa na taasisi yake ikafunguliwa upya mwaka 2009. Wengi wetu pia tumesikia kwamba Wafatimia ndio walioujenga mji wa Kairo. Lakini kabla ya Kairo walikuwa na mji mwingine, wa kwanza kuujenga kwa mikono yao, juu ya rasi nyembamba ya mwamba kwenye Bahari ya Mediterania. Mji huo ndio Mahdia.

Ubayd Allah al-Mahdi alitangazwa khalifa wa kwanza wa Kifatimia mwaka 909 katika nchi iliyoitwa Ifriqiya, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tunisia. Alipata utawala, lakini hakupata mapenzi ya raia. Mji mkubwa wa siku zile, Kairouan, ulikuwa ngome ya wanazuoni wa Kisunni wa madhehebu ya Maliki, nao hawakumkubali khalifa wa Kishia. Akatafuta mahali ambapo adui angeweza kumfikia kwa upande mmoja tu. Alipata rasi yenye urefu wa kama kilomita moja na nusu, ambayo upana wake haufiki nusu kilomita, imezungukwa na maji pande tatu. Ujenzi ulianza yapata mwaka 916, na mwaka 921 akahamia. Mji ukapewa jina lake.

Ukitoka kituoni unatembea dakika chache tu kabla ya kukutana na lango. Wenyeji huliita Skifa al-Kahla, yaani ukumbi wa giza, na giza lake ni la kweli. Ni jengo zito la mawe lililosimama shingoni mwa rasi, na ndani yake mna njia ndefu yenye dari la upinde. Unaingia kutoka kwenye jua kali, macho yanapoteza kila kitu, kisha polepole unaanza kuona: mabaraza ya mawe kushoto na kulia, wanawake wameketi na bidhaa zao, mtoto anapita na baiskeli. Zamani hapa palikuwa na milango ya chuma, na ukuta uliendelea kuuzunguka mji wote kwa upande wa bahari. Aliyetaka kuingia Mahdia kwa miguu hakuwa na njia nyingine.

Niliketi kwenye baraza mojawapo nikayakumbuka yaliyoandikwa na wanajiografia wa Kiarabu wa zama za kati. Wanasimulia kwamba watu wa kawaida hawakuruhusiwa kulala ndani ya mji huu. Ndani kulikuwa na kasri la khalifa, kasri la mwanawe, msikiti, maghala na askari. Wafanyabiashara walikuwa na maduka ndani ya kuta, lakini nyumba zao, wake zao na watoto wao walikuwa Zawila, kitongoji cha nje ya lango. Inasimuliwa kuwa al-Mahdi aliieleza sababu waziwazi: usiku aliwatenganisha na mali zao, mchana akawatenganisha na familia zao, hivyo hawakuwa na nafasi ya kumwasi. Kila jioni, basi, wauza nguo na wafua vyuma walitoka kupitia ukumbi huu huu, na milango ikafungwa nyuma yao.

Nilipotokea upande wa pili niliwakuta warithi wao wako ndani. Kichochoro cha kwanza baada ya lango ni cha maduka, na kwenye vyumba vidogo vya pembeni wamo wafumaji. Mahdia ina sifa ya muda mrefu ya kufuma hariri, hasa nguo za harusi. Bibi harusi wa hapa huvikwa vazi juu ya vazi, lenye mistari ya rangi kali na nyuzi za dhahabu. Kwenye mlango mmoja nilisikia mdundo wa mbao, nikachungulia. Mzee alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kufumia, miguu ikikanyaga mbao za chini kwa zamu, mkono wa kulia ukirusha uzi na wa kushoto ukiupokea. Hakuita mteja. Chema chajiuza.

Nilimsalimu kwa Kiarabu changu cha madrasa, naye akanijibu taratibu ili nimwelewe.

“Ami, kitambaa kama hiki kinakuchukua muda gani?”

“Kikiwa cha harusi, wiki kadhaa, mwanangu. Kikiwa cha watalii, njoo kesho uchukue.”

Alinionyesha tofauti bila kuinuka. Vitambaa vya pamba vya kwenda navyo ufukweni vilikuwa vimerundikwa mlangoni, vya rangi nyepesi, vilivyofumwa haraka. Kitambaa cha harusi kilikuwa bado kwenye mtambo, upana wake kama mkono mmoja, na ilibidi niinamie karibu ndipo nione jinsi nakshi zilivyopangwa uzi kwa uzi. Kazi hii aliifundishwa na baba yake. Mwanawe mmoja yuko Italia, na mwingine huja jioni baada ya kazi yake kumsaidia. Nilimweleza kwamba hata kwetu, katika kisiwa cha Pate, Wareno walikuta watu wanafuma nguo za hariri zilizosifika pwani nzima. Akauliza kama bado wanafuma. Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kazi yake.

Kichochoro kile kinaelekea Uwanja wa Kairo, ambao ni mdogo kuliko jina lake. Meza za mkahawa zimepangwa chini ya miti, na pembeni umesimama mnara wa msikiti wenye pande nane, kwa mtindo wa Kihanafi ulioletwa na Waturuki. Wazee wanacheza karata, vijana wanaangalia simu, na kila anayepita anasalimu meza zote kabla ya kuendelea. Nilikunywa chai ya mnanaa nikatazama. Hakuna aliyenisogelea kuniuzia kitu. Mgeni hapa huachwa apumzike, na akiuliza swali hujibiwa na watu watatu kwa pamoja.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Msikiti Mkuu. Aliyezoea misikiti ya Tunisia atashangaa kwanza kwamba hauna mnara. Wafatimia hawakuujengea. Badala yake upo ukumbi mkubwa wa kuingilia uliotokeza mbele ya ukuta, wenye upinde katikati na vidaka pembeni, unaofanana na malango ya ushindi ya Warumi. Msikiti uliharibika na kubadilishwa mara nyingi, na katika miaka ya 1960 ulijengwa upya kwa kufuata ramani yake ya karne ya 10. Kwa hiyo mawe mengi yanayoonekana si ya kale, ila umbo ni lile lile. Niliswali Alasiri ndani, kwenye safu za nguzo, pamoja na wavuvi waliokuwa bado wamevaa buti zao hadi mlangoni. Imamu alikuwa wa Kisunni, na msikiti wenyewe ulijengwa na khalifa wa Kishia. Hakuna aliyeonekana kuona ajabu, na mimi nikalifurahia hilo kuliko nakshi zote.

Zaidi kuelekea ncha ya rasi, sehemu iliyoinuka, iko ngome ya Borj el-Kebir, iliyojengwa na Waturuki mwishoni mwa karne ya 16. Kuta zake ni nene na hazina mapambo. Nilipanda hadi juu ya dari, na pale ndipo mpango wa al-Mahdi unapoeleweka: bahari kulia, bahari kushoto, bahari mbele, na nyuma ule mshipi mwembamba wa ardhi wenye lango lake. Mwaka 945 mpango huo ulipimwa. Abu Yazid, mhubiri wa Kiberiberi wa madhehebu ya Khawarij aliyekuwa akipanda punda, aliiteka karibu nchi nzima akaja kuuzingira mji huu. Alifika karibu na lango, akakaa nje kwa miezi kadhaa, akashindwa kuingia. Chakula kililetwa kwa meli. Bahari ndiyo iliyoinusuru dola ya Kifatimia.

Baada ya kunusurika, hawakukaa. Uasi ulipozimwa mwaka 947, makhalifa walihamia mji mpya karibu na Kairouan. Mwaka 969 jemadari wao Jawhar aliitwaa Misri, na mwaka 972 Khalifa al-Mu‘izz akaondoka Ifriqiya moja kwa moja, akachukua watu wake, hazina yake, hata majeneza ya watangulizi wake, akaenda kukaa Kairo. Kwa watawala, Mahdia ilikuwa kituo cha safari.

Waliofuata waliitaka kwa bandari yake. Mwaka 1087 walikuja watu wa Pisa na Genoa wakaupora mji. Mwaka 1148 Wanormani wa Sisilia waliuteka, na mwaka 1160 Wamuwahidi kutoka Morocco wakawafukuza. Mwaka 1390 jeshi la Wafaransa na Wagenoa lilifika kwa merikebu likauzingira, likaondoka bila kuuteka. Mwaka 1550 Wahispania wa Mfalme Charles wa Tano waliunyakua kutoka kwa nahodha Mturuki Turgut, na walipoona hawawezi kuushikilia, mwaka 1554 waliweka baruti chini ya kuta wakazilipua kabla ya kupakia merikebu zao. Ndiyo maana leo ukuta wa al-Mahdi umebaki vipande vipande kando ya maji, na lango la Skifa lilibidi lijengwe upya.

Niliteremka kutoka ngomeni kupitia makaburi. Sehemu hii ya rasi yote ni ya marehemu. Makaburi meupe, ya chini, yameenea bila uzio kuanzia chini ya ngome hadi kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi, yakiuzunguka mnara wa taa wa mabaharia. Katikati yake iko bandari ya Wafatimia: bwawa la mstatili lililochongwa ndani ya mwamba, lenye mlango mwembamba wa kuingilia kutoka baharini. Zamani ulilindwa kwa minara miwili na mnyororo. Merikebu za vita za khalifa zilikaa humu. Sasa mmefungwa mashua ndogo za mbao, nyekundu, buluu na kijani, na mvulana alikuwa akizamia pweza pale pale.

Mahdia ina hazina nyingine, ingawa haiko Mahdia. Nilikuwa nimeiona Tunis kabla ya kuja, katika Makumbusho ya Bardo. Mwaka 1907 wapiga mbizi wa Kigiriki waliokuwa wakitafuta spongi walishuka kama mita 40 chini, kilomita chache kutoka kwenye rasi hii, wakakuta kitu kilichofanana na safu ya mizinga kwenye mchanga. Zilikuwa nguzo za marumaru. Merikebu iliyobeba nguzo kadhaa, sanamu za shaba na samani za kifahari ilikuwa imetoka Ugiriki katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, ikielekea Italia kwenye majumba ya matajiri wa Kirumi, ikasukumwa na upepo hadi huku na kuzama. Alfred Merlin, aliyekuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale, alisimamia kazi ya kuitoa shehena hiyo hadi mwaka 1913, na mwaka 1948 Jacques Cousteau alirudi kupiga mbizi pale pale. Bardo imetenga vyumba vizima kwa ajili yake. Lililonigusa ni kwamba chombo kile kililala karibu miaka elfu mbili bila mfalme wala msomi yeyote kujua kilipo. Waliokiona ni watu waliozamia kutafuta riziki.

Ili kuwaona watu wa namna hiyo leo, lazima uamke mapema. Baada ya Alfajiri nilikwenda bandari ya wavuvi, ya kisasa, upande wa kusini wa mji. Mahdia ni miongoni mwa bandari kubwa za uvuvi za Tunisia, na samaki wake wengi ni wadogo wa makundi, dagaa wakubwa na vibua, wanaovuliwa usiku kwa taa. Mashua zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine, taa zao zimezimwa, masanduku yamejaa barafu na samaki wanaong’aa. Mnadani sauti zilipanda na kushuka, mikono ikainuliwa, na kabla sijafuata bei moja ilikuwa imeshatajwa nyingine.

Kijana mmoja aliyekuwa akikunja nyavu alinikaribisha niketi kwenye sanduku tupu. Aliposikia ninatoka Tanzania aliuliza tunavuaje. Nilimweleza habari za wavuvi wa dagaa wa Zanzibar na wa Kigoma, wanaotoka na taa usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kamili, kwa sababu taa haiwezi kushindana na mwezi. Akacheka kwa furaha. “Na sisi hivyo hivyo, ndugu yangu. Mwezi ukijaa, tunalala na kushona nyavu.”

Kisha akainua kidole kuelekea jua lilipokuwa likitoka. Huko, mashariki moja kwa moja, kama kilomita 140, kiko kisiwa cha Lampedusa cha Italia. Pwani hii ya Mahdia, pamoja na Chebba na Salakta zilizo kusini yake, inajulikana sana kwa mashua za wahamiaji. Huondoka vijana wa Tunisia, na pia Waafrika wenzetu waliovuka Sahara kufika hapa. Wengine hufika. Wengine bahari huwachukua. Rafiki zake kadhaa wamekwenda, akaniambia, na mmoja hajulikani alipo. Yeye bado yuko. Baba yake ana hisa katika mashua, na kazi ipo, ingawa samaki si wengi kama alivyosimuliwa na babu. Hakusema hivyo kwa kujisifu wala kwa kulalamika. Nilitamani nimwambie neno la kumtia moyo, lakini nilichokuwa nacho ni dua tu, nikamwombea pale pale, naye akaitikia amina.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, siku ya gulio. Wauzaji kutoka vijiji vya ndani walikuwa wameshusha pilipili, makomamanga, mafuta ya zeituni kwenye madumu, mazulia na vyombo vya plastiki. Wanawake wazee waliofika kuuza mapambo ya harusi waliketi chini, wamezungukwa na akina mama waliokuja na mabinti zao kupima na kubishana bei. Mchana nilikula kuskusi ya samaki yenye harisa kali, jirani na familia iliyokuwa inapanga harusi ya kiangazi. Kitambaa cha yule mzee wa kichochoroni huenda kilikuwa kinaelekea kwenye harusi ya aina hiyo.

Nimeitembelea miji mingine ya kale ya Mediterania yenye kuta nzima zaidi na majumba yaliyotunzwa vizuri zaidi. Mahdia imeniingia moyoni kwa sababu nyingine. Aliyeijenga aliwaogopa watu wake kiasi cha kuwatoa nje kila jioni. Makhalifa wakahama, na majeshi yote yaliyokuja baadaye yakaondoka. Waliobaki ni watu wa Zawila: wafumaji, wavuvi, wachuuzi, akina mama wa harusi. Wao ndio walioingia wakalala ndani ya kuta, wakazika wazazi wao juu ya bandari ya khalifa, wakaufanya mji uendelee. Mawe ya Mahdia yamelipuliwa na kujengwa upya zaidi ya mara moja, ila kazi yake haijakatika.

Nalisema hili nikiiwaza miji yetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu zote zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na tunajadili kwa bidii chokaa, milango na mabaraza. Tufanye hivyo, lakini tuhesabu pia familia. Nyumba ya kale inapogeuzwa hoteli na wenyewe wakahamia nje ya mji, tunarudia amri ya al-Mahdi: mchana njooni mfanye kazi, usiku nendeni kwenu. Hata Mahdia haiko salama na hilo, kwa kuwa baadhi ya nyumba zake zimeanza kuwa za wageni, na vijana wake wanaitazama Italia. Mji wa kale utahifadhiwa na fundi seremala mwenye karakana humo, na mvuvi anayeweza kumudu kodi, na mtoto anayekwenda shule ya mtaa ule ule. Bajeti ya urithi isiyowafikia hao inahifadhi ukuta peke yake.

Kwa anayetaka kwenda: panda treni Sousse, epuka joto na msongamano wa Agosti, na hakikisha Ijumaa inakukuta huko. Ukiwa Tunis, anzia Bardo ili uzione nguzo kabla hujaiona bahari iliyozificha. Nunua kitambaa kwa aliyekifuma, ulipe bei aliyoitaja. Na ukipata kijana wa bandarini mwenye nafasi ya kuzungumza, keti naye, kwa sababu mji ule upo kwa kuwa watu kama yeye wanaendelea kuukaa.